Kila Mhitimu na Ubeti Wake: Kutunga Mashairi ya Utani kwa Mahafali

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne unakaribia. Hapa Tanzania mitihani ya taifa kwa kawaida huanza Novemba, kwa hiyo shule nyingi huwaaga wahitimu wake Septemba na Oktoba. Wa kidato cha sita, ambao mitihani yao huwa Mei, huagwa mapema zaidi mwanzoni mwa mwaka. Ratiba zinafanana: kwaya, igizo, risala kwa mgeni rasmi, hotuba, vyeti, keki. Na mahali fulani kati ya risala na keki huwa kuna shairi.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni mkoani Iringa, na shairi hilo limekuwa likipita mikononi mwangu tangu nilipoanza kazi. Leo nataka kuzungumzia aina moja tu: lile ambalo kila mhitimu anapewa ubeti wake wa utani mbele ya wazazi, walimu na wenzake.

Nalipenda kuliko jambo lolote lingine la siku hiyo. Risala inaeleza uhaba wa madawati na uzio ambao haujakamilika. Hotuba inahimiza bidii na maadili. Ubeti unamzungumzia mtoto mmoja kwa sekunde 20, yeye peke yake, na kuna watoto ambao kwa miaka minne jina lao halijawahi kusikika kwenye kipaza sauti kwa jambo la heri. Ndiyo maana inaniuma ninapoona nafasi hiyo inajazwa maneno yasiyo na mwenyewe. Huu hapa ubeti ninaoletewa karibu kila mwaka, kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

Rehema ni mtu mwema, mwenye moyo wa huruma,
Hachoki kufanya vyema, Mola ampe neema.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, na vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, vimekaa. Sasa mtoe Rehema umweke Halima, au Fatuma, au Neema. Hakuna kinachoharibika, maana majina yote hayo yana silabi tatu na yanaishia na -ma, na sifa zenyewe zinamfaa yeyote. Mama yake Rehema atapiga makofi kwa adabu. Rehema mwenyewe atajua kwamba katika miaka minne hakuna aliyemtazama vizuri.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kuufanya ubeti kuwa fumbo. Usitaje jina kabisa. Mghani anasoma mishororo, ananyamaza, na darasa zima linajibu kwa jina la mwenye ubeti. Sisi tumekua na vitendawili, kwa hiyo hakuna anayehitaji kufundishwa la kufanya. Hata wazazi ukumbini huanza kukisia, na mtoto wao akitajwa husimama wenyewe. Tena njia hii inakupa kipimo cha uhakika kabla ya siku yenyewe. Wasomee ubeti wanafunzi wachache ambao hawakushiriki kuutunga. Wakitaja jina moja kwa pamoja, umepata. Wakitaja majina mawili tofauti, ubeti urudi kwa mtunzi, kwa sababu bado haujamfikia mtu.

Sikilizeni huu, wa kijana aliyekuwa kiranja wa chakula, ambaye alikuwa akisawazisha upawa kwa rula ili kila sahani ipate sawa:

Maharage akipima, utadhani ni dhahabu,
Ukimwomba kwa huruma, hukujibu kwa hesabu.

Mghani hakumaliza hata kuvuta pumzi, jina lilikuwa limeshapaa. Na huu wa msichana ambaye bweni zima lilimwendea kwa kila maumivu, tangu kidato cha pili alipoamua kwamba atasomea udaktari:

Ukipiga chafya moja, keshasema malaria,
Vipimo si vya kungoja, dawa keshakwandikia.

Hakuna sifa hata moja iliyotajwa ndani ya beti hizo. Hakuna "mwadilifu" wala "mchapakazi". Lakini kila aliyesikia alielewa kwamba yule wa kwanza ni mtu wa haki, na wa pili ana moyo wa kuhudumia watu.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla ya kutunga, wakati wa kukusanya. Ukiwapa wanafunzi karatasi na kuwauliza, "Mwenzako ana tabia gani?", utapata mpole, mcheshi, anapenda kusoma. Nimeacha swali hilo. Siku hizi nawauliza: kengele ya kuamka ikilia, yeye anafanya nini kwanza? Huwa anaazima kitu gani? Ni neno gani halimtoki mdomoni? Ugali ukichelewa, anakaa wapi? Mwulizeni anayekaa naye dawati moja, na anayelala kitanda cha juu yake. Msiishie hapo. Wapishi wanawajua wanafunzi kwa namna ambayo walimu hatuwajui. Mlinzi wa getini vilevile. Anzeni mapema, mara tu baada ya mock, mtihani wa majaribio, kwa sababu karibu na mahafali kila mtu yuko kwenye msuli, yaani kusoma kwa nguvu, na hakuna atakayewajibu vizuri.

Na mkishakuwa na karatasi zenu, anzeni kutunga na wale wakimya.

Hili nalisisitiza kwa sababu mazoea yanakwenda kinyume chake. Watunzi huanza na watu wa vituko, wale ambao ubeti wao unajiandika wenyewe: kaka mkuu, mchezaji wa timu, yule anayeiga sauti za walimu. Beti hizo zinatoka tamu, watu wanacheka, kazi inaonekana inakwenda. Wakifika kwa wakimya wamechoka, siku zimekwisha, na hapo ndipo "mtu mwema mwenye huruma" anapoingia. Siku ya mahafali tofauti inasikika. Mzazi wa mtoto mkimya amesafiri kutoka Makete au Mufindi kama wengine, na anasikia wenzake wakipewa vicheko na mwanawe akipewa salamu.

Kuna darasa moja ambalo mtunzi wao, kijana hodari sana, aliniletea beti zote isipokuwa wa msichana mmoja. Akaniambia, "Mwalimu, huyu hana kituko. Tumeuliza bweni zima." Nikamtuma kwa mlinzi wa usiku. Mlinzi alimjua mara moja: ndiye aliyekuwa akifika darasani kabla ya kengele ya kwanza, baridi ya Julai isimzuie. Anasalimia, anawasha taa, anafuta ubao, anaandika tarehe kwenye kona ya juu. Basi. Kijana yule alirudi kwangu akiwa amechangamka kama aliyeokota kitu. Tarehe ile kila mtu aliinakili kwenye daftari lake kila siku ya masomo. Walimu tulidhani ni kazi ya kiranja wa darasa, na kiranja alidhani ni walimu. Ubeti ukawa huu:

Tarehe ya ubaoni, kila siku aliweka,
Sisi tungali ndotoni, yeye ameshaamka,
Hana neno mdomoni, chaki ndiyo hutamka,
Kesho nani darasani, tarehe atakumbuka?

Waliokuwa wameshaelewa walikuwa wachache, wa safu ya mbele. Walipotaja jina, wengine wakageuka kumtazama, kisha wote wakalirudia, na likasikika kwa nguvu kuliko la kaka mkuu. Tangu hapo nimeufanya ubeti wa mkimya kuwa ndio wa kwanza kuletwa kwangu. Mtunzi akiniletea huo ukiwa umesimama, siwi na wasiwasi na zile nyingine.

Sasa utani wenyewe. Nchi hii inajua utani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana, Wachaga na Wapare wanataniana, na mtani anaweza kusema hata msibani maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni ugomvi. Lakini mtani huyo huyo anayechekesha watu msibani ndiye pia anayesaidia kazi za msiba. Ruhusa ya kutania inatoka kwenye uhusiano, na uhusiano una wajibu. Wanafunzi wa bweni wana uhusiano wao: wamelala chumba kimoja, wamegawana sukari, wamesimamishwa pamoja gwarideni. Hapo ndipo utani wao uchote. Utani wa makabila uachwe nyumbani, kwa sababu ukumbini mzazi wa Kisukuma, wa Kihehe na wa Kimakonde wamekaa pamoja, na si wote ni watani.

Kanuni ninayowapa watunzi ni fupi: tania anachokifanya mtu, usiguse alivyoumbwa wala anavyoishi nyumbani. Urefu, wembamba, rangi, kigugumizi, miwani mizito, yote hayo nje. Ada nje kabisa. Wapo wazazi waliomaliza kulipa wiki ile ile, na wapo ambao bado hawajamaliza na wamekuja wakiwa na hofu ya kuitwa ofisini. Matokeo ya mock nje pia.

Na mapenzi. Najua watunzi wengi wanaona hapa ndipo penye kicheko, "nani na nani walikuwa wakisoma pamoja maktaba". Nakataa kila mwaka na nitaendelea kukataa. Maneno hayo yakisemwa, mvulana anapigwa mabega na wenzake. Msichana anarudi nyumbani kwenye gari moja na baba yake. Hakuna ubeti ulio mtamu kiasi cha kumlipia safari hiyo.

Majina ya utani yanahitaji uangalifu wa peke yake. Mengi yalitolewa kidato cha kwanza, wakati mtu ni njuka, mgeni shuleni, na hana nguvu ya kuyakataa. Mengine mwenyewe anayapenda, mengine ameyavumilia tu. Hakuna njia ya kujua zaidi ya kumwuliza, tena faraghani, asiulizwe mbele ya kundi ambako atacheka na kusema hakuna shida.

Kwa ujumla kila mhitimu ausome ubeti wake siku chache kabla, na akisema hapana, iwe hapana bila kuulizwa sababu. Watunzi hulalamika kwamba hilo linaharibu mshangao. Haliharibu. Mshangao ni wa ukumbi na wa wenzake. Mwenye ubeti anafika siku ile akiwa na furaha yake mkononi, anangoja zamu yake kwa hamu badala ya woga. Mfano ni kijana mmoja aliyejulikana kwa kusinzia prepo, kipindi cha kujisomea, akiwa ameketi wima. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapa watunzi mshororo wa tatu:

Kitabu amefungua, na kichwa kimesimama,
Ukurasa hajajua, ni wa mbele ama nyuma,
Mwalimu akiingia, huitika, "Ninasoma",
Akishatoka, sikia, jinsi anavyokoroma!

Kabla darasa halijajibu, mama mmoja kule nyuma alisema kwa sauti, "Huyo ni wangu!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Ubeti uliomfikia hata mama aliyekuwa mbali na bweni kwa miaka yote hiyo ni ubeti uliokamilika. Hilo linanikumbusha jambo jingine: punguzeni misamiati ya bwenini. Msuli, desa (notisi za kusomea) na njuka mnaielewa ninyi. Neno moja la namna hiyo linaweza kukaa katika ubeti, yakifika matatu wazazi wameachwa nje.

Kuhusu kanuni, sitaeleza yote, maana wahitimu wameshafundishwa ushairi darasani. Wanajua kwamba mshororo wa kawaida una mizani 16, nusu kwa nusu, na kina cha kati na cha mwisho, kama Sheikh Amri Abedi alivyozipanga sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954. Wanapokosea ni kwenye kuhesabu. "Mtoro" ni mizani 3, kwa sababu ile m inasimama peke yake. "Mwalimu" nayo ni 3, kwa sababu mw imeungana na a. "Neema" ni 3, wengi huihesabu 2. "Nchi" ni 2. Emanueli anakula 5 kati ya 8, na hiyo ni sababu nyingine ya kuyaacha majina kwa darasa liyajibu. Hesabuni kwa vidole mkitamka polepole, msihesabu kwa macho. Neno likizidi, inkisari, yaani kulifupisha, ipo: "keshakuandikia" imekuwa "keshakwandikia" pale juu na hakuna sikio lililolalamika. Jihadharini tu na kina cha -ni. Ni rahisi mno, kila mahali panakubali -ni, na shairi zima likiishia bwenini, darasani, jikoni na uwanjani masikio yanalala. Kwenye kipande cha kati kinavumilika. Mwisho wa mshororo tafuteni kitu kingine.

Watunzi huniuliza pia kama wanaweza kutumia mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani. Mjadala wa mapokeo na mashairi huru una umri wa miaka 50 na zaidi, na darasani naufundisha kwa heshima kwa pande zote mbili. Kwa kazi hii nachagua vina. Ukumbi unausikia ubeti mara moja tu, upepo unavuma, watoto wadogo wanalia, kipaza sauti kinakoroma. Kina kinamwambia msikilizaji kwamba mshororo umefika mwisho na kicheko kiko njiani.

Jambo ambalo watunzi husahau kabisa ni muda. Tarbia moja ina mishororo minne, yaani mizani 64. Ukiighani kwa utulivu, ukaweka jibu la darasa na kicheko, ni karibu nusu dakika. Wahitimu 60 ni nusu saa nzima, na mshereheshaji hatakupa nusu saa. Atakukata ukiwa kwa mhitimu wa 25, na hao waliobaki watakaa na beti zao ambazo hazikusomwa. Nimeona ikitokea na ni jambo la kusikitisha. Kwa darasa kubwa tumieni tathnia, mishororo miwili kwa kila mtu, kama ule wa maharage. Robo saa inatosha. Tarbia ziwekeni chache, mwanzo na mwisho, na mmoja uwe wa kundi zima kama mnapenda. Kibwagizo kikihitajika kisirudiwe kila ubeti, kije baada ya kila beti kumi hivi, na ukumbi uimbe:

Tuagane kwa kicheko, kilio kitangojea.

Waghani wawe wawili. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, alizipa umaarufu ngonjera, mashairi ya majibizano, katika miaka ya 1960, na shule zetu zimekuwa zikizighani tangu enzi hizo, kwa hiyo sauti mbili zinazopokezana jukwaani si kitu kigeni. Mmoja aghani ubeti, wa pili aulize, "Ni nani huyo?" Anayeuliza awe mtu mwenye subira, kwa sababu kazi yake halisi ni kungoja kicheko kishuke kabla mwenzake hajaanza ubeti unaofuata. Mkikimbia, ubeti wa mtu mmoja unazikwa chini ya kicheko cha mwingine. Fanyeni mazoezi mkiwa na kipaza sauti kile kile kitakachotumika, na mpangilio wa majina usifuate alfabeti wala nafasi za darasani. Changanyeni: mkimya baada ya mchekeshaji, kiranja baada ya mkimya, ili pasiwe na sehemu ya shairi ambayo watu wanaona ni ya kwenda kunywa maji.

Kila darasa lina watu ambao walianza nalo na hawakumaliza nalo. Wengine walihama, wengine masomo yalikatika. Wapeni ubeti mmoja wa pamoja, bila utani, na bila kutaja sababu za kuondoka. Mhitimu aliyeko hospitali au aliyeshindwa kufika siku hiyo, ubeti wake usomwe kama kawaida na darasa lijibu jina lake kama kawaida, kisha rafiki yake ampelekee karatasi.

Kila mhitimu apewe ubeti wake ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ngumu, jina la mtunzi likiwa nyuma. Simu zinapotea na video zinafutwa. Shairi zima libaki maktaba ya shule. Mwakani kidato cha nne watakuja kuliomba wapate mfano. Wapewe, waone umbo na namna fumbo linavyofungwa, ila asiruhusiwe mtu kunakili ubeti hata mmoja.